Lekishon Kaelo, Mtu Aliyemhamisha Babu

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu, Ndugu Lekishon Kaelo atakabidhi funguo za chumba cha seva baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika ushirika wetu wa wafugaji, ofisi za Kilosa na Mikumi. Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu wake nilifurahi, maana vituko vya Lekishon haviishi. Nikaandika, nikampelekea asome. Akanirudishia karatasi siku hiyohiyo.

“Regina, umeandika vizuri,” akasema, “ila umeruka habari ya Babu. Ukiiruka hiyo, usinisomee kitu mbele za watu.”

Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka. Nikashindwa. Kwa hiyo, ndugu wanachama, mkifika mahali soda ikawapalia, mjue mwenye sherehe ndiye aliyetaka iwe hivyo.

Lekishon alianza kazi mwaka 1994 kama mhudumu wa josho kule Rudewa, kijana mrefu wa lubega aliyekuwa akiwaita ng'ombe wa watu kwa majina yao. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa Kilosa, sisi wasomi wa ofisini tuliiogopa, tukaizunguka tu. Yeye aliivulia shuka lake akaifunika isiingie vumbi, na shuka lenyewe halikurudi tena mabegani mwake. Meneja alipoona mapenzi hayo akampeleka Morogoro kwenye mafunzo. Alirudi fundi kamili, anachapa kwa kidole kimoja, na hicho kidole kimoja kilituacha mbali sote wenye vidole kumi.

Chumba cha seva alikiita zizi. Kuingia na chai humo ilikuwa ugomvi wa wiki nzima, muulizeni Anastazia wa mapokezi. Halafu kuna lile la kuhesabu. Kwao mifugo haihesabiwi, mtu anaitazama tu na kujua kama yupo aliyepungua. Basi na mafaili naye hivyohivyo. Ukimuuliza mafaili mangapi yamehifadhiwa, anatazama kioo, anasema, “Yametimia.” Mkaguzi mmoja alitaka kulia.

Kazi yake kubwa ni daftari la alama, ambalo si daftari la karatasi bali programu. Siku za gulio alikuwa akiendesha baiskeli mpaka Ulaya, kijiji cha hapahapa Kilosa, anapiga picha alama za ng'ombe na mikato ya masikio, anaandika hii ni ya fulani, ile ni ya familia fulani. Leo ng'ombe wako akikamatwa shambani kwa mtu, unakuja dirishani kwetu, tunakutolea hati ya alama, unaenda kumchukua. Kabla ya Lekishon, aliyekuwa na sauti kubwa ndiye aliyeondoka na ng'ombe.

Programu hiyo ni ya zamani na inakubali kuishi kwenye kompyuta ya zamani tu. Kompyuta hiyo ilipokufa, Lekishon aliiokoa kwa kuigeuza kompyuta pepe. Kwa sisi wa kawaida, ni kompyuta isiyo na kasha wala waya. Ni mafaili yanayoishi ndani ya kompyuta nyingine, inayoitwa mwenyeji, na humo yanaendelea kujiona kompyuta kamili. Tukaipa jina la Babu. Babu alikaa kwa mwenyeji wake Kilosa miaka mingi bila kusumbua mtu.

Mwaka 2019 mwenyeji naye akaanza kuzimika hovyo. Ikaamuliwa Babu apelekwe kwenye seva mpya ya Mikumi. Hapo ndipo lilipozuka neno.

Kule Rudewa neno kuhamisha halisemwi ovyo. Wako watu ambao maboma yao yamehamishwa na wanajua maana yake. Zilipofika habari kwamba daftari la alama linahamishiwa Mikumi, wazee wakasema kesho mtahamisha na ofisi, keshokutwa mtatuhamisha na sisi. Meneja wetu wa wakati huo, Bwana Melkizedek, akatunga dawa. Tuseme tunanakili. Sisi kwenye kikao tukapiga makofi, na tukamtuma Lekishon Rudewa akaliseme mkutanoni, kwa kuwa ni mtoto wa kwao.

Alilisema. Mama Nashipai, mjane ambaye wengi wenu mnamfahamu, alisimama akauliza swali moja tu: “Ile ya Kilosa itabaki?”

Lekishon akamjibu, “Itabaki, mama. Tunanakili tu.”

Alijua haitabaki. Mwenyeji wa Kilosa alikuwa anazimwa moja kwa moja.

Siku ya kazi, Rudewa walileta mashahidi Mikumi, wakiongozwa na mzee wao, Bwana Ditram, wakae mpaka iishe semina ya ushirika iliyokuwa ikifanyika hukohuko. Lekishon alimbeba Babu kwenye diski, akamweka kwa mwenyeji mpya, akamwasha. Sasa kompyuta pepe ikijikuta kwa mwenyeji mgeni, inauliza kabla ya kuamka. Swali likatokea kiooni kwa Kiingereza, na Lekishon, kwa ile raha ya kazi, akalitafsiri kwa sauti: “Inauliza, umenihamisha au umeninakili?”

Jamani! Kidole kilikuwa kimeshaelekea kwenye jibu la kweli. Ditram akasema taratibu, “Si ulituambia mnanakili?” Kidole kikarudi. Akabonyeza nimekunakili.

Mashine haina siasa. Ukiiambia wewe ni nakala, inajitafutia namba mpya za utambulisho, kwa kuwa za zamani ni za yule aliyebaki nyumbani. Babu akazinduka na namba mpya, na ile programu ya alama, iliyofungwa kwenye namba za zamani, haikumtambua. Ikajifunga. Hakuna hata alama moja iliyofunguka.

Hapa ndipo nilitaka kuandika kwamba Lekishon alihangaika kutafuta chanzo. Amekataa. Anasema niandike kwamba alikijua chanzo palepale, hata kiti hakijapata joto. Diski yenye Babu asiyeguswa ilikuwa kwenye begi lake. Ilihitajika kumweka upya, kumwasha, swali litokee, ajibu nimekuhamisha. Kazi ya mtu kunywa chai akamaliza. Ila ilibidi ajibu hivyo Ditram akiwa nyuma yake. Akaona haya. Akaanza kukagua waya. Akasema labda umeme, akasema labda mtandao, akasema labda virusi, na kila aliposema labda, fundi mwenzake Upendo aliinua macho kumtazama. Lekishon alikuwa anasubiri semina iishe, mashahidi waondoke.

Katikati ya kusubiri huko nilimpigia simu kutoka Kilosa. Nikamwambia Mama Nashipai yuko dirishani, mitamba yake imekamatwa shambani, iko zizini kwa kamati ya kijiji, asipopata hati ya alama itanadiwa siku ya gulio. Akanijibu, “Mwambie mtambo una hitilafu. Aje kesho.” Nikamwambia. Akaja kesho. Nikamwambia tena.

Mashahidi walipoondoka, Lekishon alimrudisha Babu toka kwenye diski, akajibu swali ipasavyo, na programu ikafunguka kama kawaida. Mitamba ya Mama Nashipai ilikuwa imeshanadiwa asubuhi hiyo na kupakiwa lorini. Ilikuwa uzao wa ng'ombe aliyetoka naye kwao siku alipoolewa. Lori lenyewe hakuna aliyejua limeelekea wapi.

Lekishon alikwenda Rudewa bila kutumwa na mtu. Akasimama pale aliposimama mwanzo, akasema, “Niliwaambia tunanakili. Tumehamisha. Mama, uliniuliza kama itabaki, na nilijua haitabaki. Na ng'ombe wako ningewaokoa, niliona haya.” Ditram mwenyewe aliinamisha kichwa. Mama Nashipai alikusanya shuka lake akaondoka. Lekishon akampelekea mtamba kutoka zizini kwake. Siku iliyofuata mama akamrudisha, akimswaga mwenyewe kwa miguu, akamfungia mlangoni kwa Lekishon, akaondoka bila kugonga.

Tangu hapo, kila anapokutana naye, iwe gulioni, iwe dirishani, iwe msibani, Lekishon husimama, huvua kofia na kusema, “Shikamoo, mama.” Mama Nashipai humtazama, kisha hupita. Nyie mnajua kwetu shikamoo kubaki hewani ni kitu gani. Mimi kama ni mimi ningekuwa nabadili njia. Lekishon hajabadili njia hata mara moja. Na sisi tuliopiga makofi kwenye kikao kile hatujawahi kwenda kumwamkia yule mama kwa ajili ya jambo hilo, hata mmoja wetu. Ninaandika hili na uso umenishuka.

Tangu mwaka huo pia hakuna anayetoka dirishani kwetu na jibu la njoo kesho. Mtambo ukikorofisha, Lekishon hutoka nje na kumwambia mtu kilichoharibika na nani kakiharibu, hata kama ni yeye. Upendo, anayekabidhiwa funguo, amejifunza hivyohivyo, na chai haingii zizini bado.

Lekishon, asante. Umetufanyia kazi, umetuchekesha, umetugombeza. Kapumzike na familia yako Rudewa, Mungu akupe afya, na kila jioni ukitazama mifugo yako uikute imetimia.

Kuhusu ratiba: Mama Nashipai amealikwa na amesema atakuja, atakaa mstari wa mbele. Baada ya sala, kabla ya hotuba yoyote, mwenye sherehe atakwenda kumwamkia. Ameomba hilo liwekwe kwenye ratiba, na nimeliweka. Wapiga picha, tafadhali kaeni. Mshereheshaji, usiweke muziki, wala usifanye utani kujaza ukimya. Tumwache mama aitikie, au asiitikie.

Regina Ulimboka
Masjala, Ofisi ya Kilosa