Mzee Lukasi Anaondoka na Vidole Vyake Kumi

Tarehe 30 Septemba 1974, Mzee Lukasi Nantonda anastaafu baada ya kulitumikia Shamba la Mkonge la Namkonda kwa miaka ishirini na miwili. Anaondoka na afya njema, meno machache na vidole kumi. Vidole navitaja kwa sababu fundi aliyemtangulia kwenye mashine ya kukata majani aliondoka na saba.

Wenzangu wamenichagua mimi, Eusebio, niandike wasifu huu, ingawa shule yangu iliishia darasa la tatu. Wamesema hakuna aliyelala chini ya mashine hiyo na Mzee Lukasi mara nyingi kuliko mimi. Hilo ni kweli. Bi Mwanaisha wa ofisini amenisaidia kupiga taipu.

Mzee Lukasi aliajiriwa mwaka 1952 kukata majani kwenye uwanja mdogo wa ndege wa shamba. Kikosi kilikuwa cha watu kumi na wawili, kila mmoja na fyekeo lake. Walipofika mwisho wa uwanja, pale walipoanzia palikuwa pameota tena. Mwaka 1966 ikaletwa mashine ya kukata majani, ya kukalia juu, mfano wa trekta dogo. Sisi wengine tulikimbilia kiti. Mzee Lukasi alipiga magoti kwanza, akachungulia visu viwili vilivyofungwa chini ya tumbo la mashine.

Fundi wa kwanza alikuwa akiilaza ubavu kila visu vilipotaka kubadilishwa. Watu wanne waliishikilia kwa mabega, petroli ikawatiririkia miguuni, naye akafungua nati. Siku moja bega moja lilichoka. Baada ya hapo kazi akapewa Mzee Lukasi, na hakuna mtu aliyemwonea wivu.

Yeye alikuja na utaratibu wake, nao ulituchosha kweli. Mashine haikuinuliwa mchangani, hata kama kiwanja kigumu kilikuwa mbali. Magurudumu ya nyuma yaliwekewa kabari. Jeki ilikaa juu ya ubao ili isizame. Mbele ilipoinuka, aliingiza magogo chini ya fremu, kisha akaishusha jeki mpaka uzito wote ukakaa juu ya magogo. Halafu aliitikisa mashine kama mtu anayemwamsha mlevi. Ikitulia, ndipo mtu aliingia chini, visu vikiwa vimefungwa gunia.

Kabla ya yote hayo aling'oa plagi ya injini, ili isiweze kuwaka. Plagi hiyo ilikaa mfukoni mwa yule anayeingia chini, si mwa mtu mwingine yeyote, hata awe bwana mkubwa. Mke wake, Mama Anna, amefua mashati yenye doa la oili kifuani kwa miaka minane. Jumapili moja Mzee aliisahau plagi mfukoni. Alipoinama kanisani ikaanguka, ikabingirika hadi miguuni mwa padri. Padri aliirudisha kwa heshima zote, akidhani ni kitu cha thamani. Hakukosea.

Sasa nieleze siku ya Machi 1971, maana bila siku hiyo mimi nisingeandika kwa mkono huu. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kwa ndege kesho yake, mvua ilikuwa imeotesha majani hadi magotini, na visu vilikuwa butu. Mzee Lukasi alikuwa amekwenda Chikongola kutafuta nati. Ufunguo wa stoo yenye magogo alikuwa nao mfukoni. Msimamizi wetu, Bwana Hamisi, akaona saa zinakwenda. Akatuambia tutumie mawe. Huku pwani mawe ni yale ya matumbawe, makubwa kwa macho lakini ndani yana matundu kama mkate wa kumimina. Tukainua, tukapanga mawe, tukaondoa jeki. Mimi nikaingia chini.

Nilikuwa nimeshika kisu cha pili niliposikia baiskeli ya Mzee. Hakupiga kelele, wala hakuuliza nani kaweka mawe. Aliita kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Eusebio, mwanangu, toka uje unishikie baiskeli."

Nilikasirika. Mtu yuko kazini, unamwita akushikie baiskeli! Lakini huwezi kumkatalia mtu mzima. Nikatoka polepole, nikashika usukani. Sikuwa nimemaliza kujipangusa mchanga, jiwe la kushoto likasagika, na mashine ikatua chini kwa kishindo. Pale palipokuwa kichwa changu na mikono yangu pakawa na chuma.

Kisha Mzee akanyoosha mkono. "Haya, nipe baiskeli yangu."

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakupiga ukelele. Alisema aliye chini akishtuka huinua kichwa, na kichwa kikigonga fremu, jiwe halingoji.

Bwana Hamisi, ambaye leo ndiye mgeni rasmi wa sherehe hii, ameniruhusu niandike kwamba mawe yale aliyabeba mwenyewe mpaka kwenye shimo la taka. Mzee Lukasi naye hakujipa haki yote. Alisema kosa la ufunguo lilikuwa lake. Tangu jioni ile ufunguo unaning'inia kwenye msumari mlangoni, kila mtu anauona. Na kwa wachonga vinyago akaomba mabaki ya mpingo, akapata magogo manne mazito kama chuma. Ndiyo tunayotumia hadi leo. Tangu wakati huo, katika mashine ile hajaumia mtu.

Kamati ya sherehe ilitaka gogo moja lichongwe sura yake, liwe zawadi. Alikataa. Alisema sura yake haijawahi kuinua mashine, gogo libaki kazini. Kwa hiyo tumemnunulia kengele mpya ya baiskeli, tupate kumsikia akija.

Ijumaa iliyopita alibadilisha visu kwa mara ya mwisho. Alitoka chini, akajipangusa, akanitia plagi mfukoni mwa shati bila hotuba. Kila nitakapoingia chini itakaa hapo, mpaka siku nitakapovuka mto Ruvuma kurudi kwetu, siku ambayo, sasa vita vya huko vimekwisha, tunasikia haiko mbali. Mama yangu, Felismina, ananingoja huko na jembe. Nitamfikia na mikono miwili.

Mzee Lukasi anarudi Kitaya kwenye mikorosho na mihogo yake. Mzee wetu, wafanyakazi wote wa Namkonda tunakushukuru. Tunakuombea mavuno mengi, usingizi mzuri na mashati yasiyo na doa. Nenda ukawabebe wajukuu, na kila kidole kipate wa kumshika.