Kom na Koma

Bwana Mkubwa wa boma, Akida wetu, Mtemi uliyetoka mbali kwa miguu, wazee wangu shikamooni. Nanyi wazazi wa Dodoma na wa kambi ya reli, mbukwenyi. Mimi ni Marko, mwalimu mkuu wa shule hii, nami nimepewa heshima ya kufungua banda hili la watoto wadogo. Kabla sijagusa mlango, nina jambo linanisumbua.

Mnajua kwa nini Mama Yudith aliletwa hapa. Watoto wa kambi wanacheza kando ya reli, na wasimamizi wanawaita kwa Kijerumani. Treni inakuja, mtoto wa miaka mitano anaitwa, haelewi, itakuwaje? Basi Mama Yudith akachora duara mchangani, akawa anaimba, anaruka, anajificha nyuma ya shuka, na watoto wakawa wanajibu Kijerumani huku wanacheka. Mimi nilikisoma miaka minne kwa fimbo, na hadi leo kinanitoka kikichechemea. Najiuliza, mtoto hujifunza wakati gani, akiwa anaruka au akishatua?

Mwezi wa nane akaja mkaguzi kutoka pwani. Akasimama mwisho wa uwanja, mikono nyuma, akawaita, "Kom!" yaani njoo kwa Kijerumani. Watoto wote ishirini na wawili wakasimama tuli. Akaita tena kwa ukali. Hakuna aliyenyanyua mguu. Akaniambia anakwenda Tabora, na akirudi siku ya nne akakuta mambo ni yale yale, darasa litafungwa na Mama Yudith atarudi kwao Mpwapwa.

Nikaagiza fimbo ikatwe. Mama Yudith akasema, "Mwalimu, ngoja kwanza niwaulize." Akachuchumaa mbele ya Mishi, binti wa fundi reli. "Mlimsikia Bwana anasema nini?"

"Alisema koma," Mishi akajibu. "Tukakoma."

Ndugu zangu, ni mtoto gani hapa asiyeambiwa koma mara kumi kwa siku? Mama Yudith kila aliposema kom alipunga mkono, na watoto, kumbe, walikuwa wanaufuata mkono, si neno. Akaniambia, "Afadhali wamekosea hapa kuliko relini."

Mkaguzi aliporudi, Mama Yudith alimwomba aingie duarani, Mishi awe mwitaji. Mtoto akapaza sauti, "Koma!" Na yule bwana, na buti zake na ndevu zake, akamwendea moja kwa moja. Tulicheka, naye akacheka, kisha akaangalia upande wa reli. Darasa hakulifunga. Siku hizi mchezo ule unachezwa mikono ikiwa nyuma, na Mishi ndiye anayewatoa wanaokosea, hana huruma hata kidogo.

Lakini kuna msilolijua. Katika siku zile za kungoja niliandika barua ya kuomba Mama Yudith aondolewe, ili lawama isinifikie mimi. Aliiona mezani kwangu. Hakuniuliza kitu, akatoka kwenda kucheza na watoto.

Mama Yudith, niliogopa, nikakuuza. Naomba unisamehe mbele ya watu hawa. Nanyi watoto mnisamehe, maana nilitaka kuwachapa kwa kosa la kutii.

Wageni wetu, nawashukuru kwa kunivumilia hadi hapa. Mlango huu sistahili kuufungua mimi. Mama Yudith, ufunguo huu hapa.