Utakaa na Nani Huko?

Jumatano saa tatu asubuhi, kampuni moja ya bima iliwatumia ujumbe wafanyakazi wanaofanyia kazi nyumbani: kabla ya saa sita mchana, kila mtu abonyeze "Nahamia nilikopangiwa" au "Naacha kazi". Masikio aliupokea akiwa kwenye benchi la nje ya duka la fundi cherehani, kompyuta mapajani. Benchi hilo ndilo ofisi yake, mwaka wa tatu sasa, na jina alilipata kwa visikilizio visivyomtoka kichwani. Akiinua mkono, kijiwe kizima cha wanywa kahawa kinanyamaza, kikao cha mtandaoni kinaanza. Kuna siku walishindwa kujizuia wakacheka; bosi akamsifu kwa kuelewana na wafanyakazi wenzake. Nyuma ya benchi ni ukuta wa chumba cha mama yake, ambaye miguu ilimgomea. Akitaka kugeuzwa, hugonga ukuta, Masikio huingia.

— Umepangiwa wapi? aliuliza Breki, dereva mstaafu.

— Makao makuu. Basi linatoka alfajiri, linafika usiku.

— Na mama?

— Kasema kwenye kile kitanda atatoka kwa kubebwa, na si kwa basi.

Mama Birika, muuza kahawa wa kijiwe, alimmiminia kikombe bila kuulizwa.

— Mimi najua kisa, alisema Kamusi, ambaye hajawahi kukosa kujua. Ni viti. Walinunua viti vya kuzunguka. Kiti kama kile kisipokaliwa, kinasahau kuzunguka.

— Viti wapi, mzee! Ni lifti, alisema Breki. Chombo chochote kikikosa abiria kinaharibika. Mimi nimeendesha, najua. Lifti tupu inapanda hadi juu, haijui ishuke kumfuata nani.

— Hamna kitu hapo, alisema Kamusi. Bosi kanuniwa na mkewe, anatafuta watu wa kumwamkia.

— Wewe mbona hapa hatukuamkii, na hujahamisha mtu? alisema Mama Birika.

— Basi ni jengo lenyewe! Kamusi alisimama. Jengo la ghorofa linaishi kwa pumzi za watu. Likikosa pumzi, nyufa! Mwanangu, wewe hawakuiti kufanya kazi. Wanakuita kupumua.

— Mzee wangu, nipumue au niache kazi? Saa sita inakaribia.

Hapo fundi bomba mmoja, aliyekuja kuziba bomba la fundi cherehani, aliomba kikombe. Alikunywa, akafuta mdomo.

— Samahani jamani, mimi mgeni. Huko, chumba kimoja utakaa na nani?

— Na wenzangu wa kitengo.

— Nao wamepangiwa huko?

Masikio aliwapitia kichwani. Wa madai kaambiwa aende ofisi ya kaskazini. Wa hesabu, ya kusini. Bosi wao mwenyewe hajawahi kusema yuko wapi.

— Kwa hiyo utasafiri siku nzima, ukifika uvae hivyo visikilizio uongee na nani?

Breki alimtazama Kamusi. Kamusi aliketi tena. Mama Birika aliinamisha birika. Lilitoa tone moja.

Masikio aliliandika swali lile kama lilivyo, akalituma kwenye kundi la kazi. Jibu la bosi lilikuja kwa sauti. Vichwa vyote viliinamia simu.

"Swali zuri. Usibonyeze kitu kwanza. Saa nane tutalijadili mtandaoni, maana hata mimi leo niko..."

Nyuma yake mtoto alipaza sauti: "Babaaa! Nimemaliza, njoo unisafishe!"

Sauti ilikatika. Breki alicheka hadi akashika ukuta, na ukuta ukagongwa kutoka ndani.

— Nakuja, mama, alisema Masikio.

Saa sita ilipita, hakuna kilichobonyezwa. Saa nane Masikio aliinua mkono, na kijiwe kikanyamaza.