Mikono Iliyowahi Kifuani

Mama zangu wa mtaa wetu wa Isevya, ulianza mkoromo: mzito, wa kukatikakatika, adhuhuri, barazani kwetu. Mama alikuwa akimenya karanga na jirani. Ungo ukamponyoka, akalala chali.

"Mwacheni apumzike," akasema mgeni mmoja. "Mtu mnene akichoka hukoroma hivyo."

Ndugu zangu, haukuwa usingizi. Moyo ulikuwa umesimama. Jirani, aliyewahi kufundishwa huduma ya kwanza kazini, alimtikisa, hakuitika. Akaagiza gari la hospitali liitwe, akapiga magoti, akaanza kumbonyeza kifua. Mimi nilisimama nikiwaza: mwili mkubwa hivi, mikono itaufikia moyo kweli?

"We msomi, utawaza kesho! Pokea zamu, bonyeza kwa nguvu!" jirani akanifokea.

Tulipokezana mpaka gari likafika. Wahudumu wakaurudisha moyo kwa mashine, wakampeleka hospitali ya Kitete. Mama alipona.

Niliyeanguka ni mimi. Niliporudi chuoni Dar es Salaam, nilisoma kila utafiti niliouona kuhusu uzito na moyo kusimama. Huu unasema unene hupunguza nafasi ya kupona. Ule unasema waliokonda mno ndio walio hatarini zaidi. Mwingine hauoni tofauti. Sikulala. Kila nilipompigia mama, baada ya shikamoo niliuliza, "Leo kilo ngapi?"

Siku moja akachoka. "Mwanangu, unaniulizia kama gunia la mpunga. Ukitaka kuongea na mzani, upigie mzani." Akakata.

Wiki zikapita, naogopa kupiga. Mwalimu wangu, daktari wa moyo, aliniona nimedhoofika, akanisikiliza hadi mwisho. "Uzito ni jambo moja kati ya mengi," akasema, "na hatuna jibu moja juu yake. Nafasi mama yako aliipata kwa mikono iliyowahi. Daktari wake atamwongoza kuhusu chakula. Wewe uwe binti yake."

Jirani yangu, uliyekaa hapo mbele, ahsante. Sina neno linalotosha. Nanyi nyote nawaomba: mtu akianguka, asiitike, akakoroma vile, msiseme amelala. Iteni msaada, bonyezeni katikati ya kifua, awe mnene, awe mwembamba.

Jioni ile ile niliyozungumza na mwalimu, nilimpigia mama simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, uliza kilo."

"Siulizi. Nina hamu ya matobolwa yako, vile viazi vitamu unavyochemsha na kuanika."

Akacheka, akacheka mpaka akatua kupumua, nami nikaisikiliza pumzi ile, ndefu, tulivu.

"Njoo basi uyale," akasema.