Phineas Shimenga na Lango Lililoachwa Wazi

Marehemu Phineas Shimenga alizaliwa Malinya mwaka 1916, mwana wa pili wa Cleophas na Nabwire. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, baba yake alipofariki.

Mwaka 1940 aliingia jeshini na jirani yake, Onesmus Mukabwa. Juni 1942 walitekwa Afrika Kaskazini, wakafungwa kambini Italia. Septemba 1943 Italia iliposalimu amri, walinzi walikimbia, lango likabaki wazi. Sajini wao akasema atakayetoka ni mtoro. Onesmus alitoka. Marehemu, mtu wa kushika amri hata ikimuumiza, alibaki. Wajerumani wakaja wakawahamishia waliobaki kwao Ujerumani, na huko alifungwa hadi 1945.

Aliporudi aliajiriwa idara ya misitu, Isecheno. Desemba 1947 alimwoa mama yetu, Jescah Ayuma. Alikuwa mcheshi, ila kwa Onesmus, ambaye naye alirudi nyumbani, ulimi wake ulikuwa upupu. Fahali wa Onesmus alipokimbia pambano la mafahali uwanjani Malinya, alisema mbele ya umati, "Fahali wa mtoro hutorokanga." Watu walicheka. Onesmus hakukanyaga tena boma letu.

Baada ya Uhuru marehemu alianza kununua vitabu vya watu waliookoka kambi za Wajerumani na waliozitoroka. Mama alikuwa akimwita ale ugali, "Baba Mideva, obusuma inapoa," naye hasikii. Siku moja mama alimwuliza anatafuta nini humo. "Natafuta mmoja aliyeitwa mtoro," alisema. "Sijampata. Wote wanapewa heshima." Kisha akafunga kitabu. "Jescah, mimi niko ndani bado." Alijua la kufanya, lakini aibu ilimfunga. Kwa Onesmus ni kuvuka shamba moja tu la mahindi, na hakuvuka. Tulimwonea huruma, na pia alituudhi.

Februari 1965 aliugua mapafu, akalazwa hospitalini Kakamega. Hapo ndipo alipomtuma mwanawe Mideva amwite Onesmus, naye akaja.

"Nilikuita mtoro kwa sababu niliogopa kutoka," marehemu alimwambia.

"Nilijua," Onesmus alijibu. "Siku ile nilikungoja barabarani mpaka jua likazama."

Marehemu alilia, akamshika mkono. Alifariki tarehe 9 Machi, Onesmus akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Jescah; watoto, Mideva, Hezekiah na Patroba; na ndugu yake Onesmus Mukabwa, aliyeandikwa hapa kama ndugu kwa agizo la marehemu mwenyewe.

Baba, toka salama, upumzike kwa amani.