Kiguu na Njia kati ya Miji Mikuu Miwili

Marehemu Balozi alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, katika mji wa mpakani wenye daraja ambalo nusu yake ni yetu na nusu ni ya jirani. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa mzee aliyesimamia bohari ya reli na mama aliyekuwa mshonaji. Mama alikuwa akisimulia kwamba siku ile mtoto alipojifunza kutembea, alitoweka. Alirudishwa jioni na askari wa forodha wa ng'ambo, aliyembana kwapani kama mkate. "Mchukueni kiguu na njia wenu," askari akasema, "keshavuka bila pasi." Jina likamganda.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960, na mwaka 1967 akaenda shule ya bweni ya wasichana. Hakuweza kusoma ameketi. Alizunguka uwanja na kitabu usoni kama ng'ombe wa kinu cha mafuta, na siku moja akatumbukia mtaroni nyuma ya jiko. Matroni alipokimbia kumtoa, alimkuta amesimama kwenye tope la kiunoni, anamalizia ukurasa. Chuo Kikuu alisoma historia na siasa, akahitimu mwaka 1975.

Tarehe 3 Novemba mwaka huohuo aliajiriwa na Wizara ya Mambo ya Nje, dawati la nchi jirani, ghorofa ya tatu, katika chumba ambacho madirisha yake yalipakwa rangi yakagoma kufunguka. Wenzake walisema kiti chake kilikaliwa zaidi na koti kuliko mwenyewe. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine, na kuanzia mwaka 1994 hadi 2000 alikuwa balozi wetu ng'ambo. Huko ndiko alikofahamiana na katibu mkuu wa wizara yao, bwana mnene mwenye sauti ya chini ambaye watu wote walimwita Taratibu. Balozi alitembea huku akizungumza. Taratibu alizungumza akiwa ameketi. Ikabidi kila mkutano wao ufanyike kwenye chumba kikubwa.

Tarehe 15 Desemba 1979 alifunga ndoa na Fundi Saa. Alikuwa amempelekea saa ya mkononi iliyosimama. Fundi alipomwambia asubiri kidogo, akajibu, "Ningekuwa na muda wa kusubiri, ningehitaji saa ya nini?" Fundi akacheka mpaka akadondosha skrubu, na wakaitafuta wote wawili chini ya meza. Walijaliwa watoto watatu. Binti wa kwanza, muuguzi, aliolewa ng'ambo mwaka 2002, na mama yake alivuka daraja kwa miguu siku ya harusi, akakataa gari.

Ili maisha yake yaeleweke, ni lazima kusema kidogo juu ya kazi iliyomnyima usingizi. Kwa miaka mingi jeshi letu lilipewa silaha na mafunzo na taifa kubwa moja, ambalo Balozi aliliita Shemeji wa Kwanza. Jirani naye alikuwa na lake, hasimu wa hilo letu: Shemeji wa Pili. Mwaka 1999 serikali yetu ikakosana na Shemeji wa Kwanza. Haukupita muda, wa Pili akahamia kwetu na wakufunzi wake, na wa Kwanza akapokelewa ng'ambo kwa ngoma. "Tumebadilishana waume na jirani," Balozi aliwaambia wenzake, "na kila mmoja wetu anaapa kwamba wake ndiye wa ndoa." Wenzake walivunjika mbavu. Yeye alikwenda dirishani, akasimama, akarudi. Aliona kwamba walimu wamebadilika, lakini mitutu imebaki inatazama palepale, darajani.

Februari 2003, Balozi akiwa amesharudi wizarani, Waziri wa wakati huo alimwita.

"Mheshimiwa," Balozi alimwuliza, "nasikia Shemeji wa Pili ataweka rada kwenye kilima kile kilicho juu ya daraja."

"Uvumi mtupu. Nenda ukamwambie mwenzako alale usingizi."

"Nimwambie ni neno lako au langu?"

"Lako. Lako ndilo wanaloliamini."

Akaenda. Taratibu alimsikiliza mpaka mwisho, akammiminia chai, akasema, "Dada, watu wa jeshi wananiambia nisikubali. Lakini wewe ukisema hakuna, basi hakuna." Juni rada ikasimama kilimani, nyeupe, inaonekana kutoka sokoni kwao. Jirani akapanga vifaru vya Shemeji wa Kwanza kando ya mto, daraja likafungwa, na Taratibu akafukuzwa kazi kwa kosa la kuamini. Mwezi huohuo binti wa Balozi alijifungua mtoto wa kiume ng'ambo. Bibi akasikia kilio cha mjukuu kwenye simu.

Tangu hapo, asema Fundi Saa, mke wake hakuwahi kumaliza sahani ya chakula akiwa ameketi. Alianza kula, akasimama, akaenda mlangoni kama mtu aliyeitwa. Fundi akimwuliza ni nani, anajibu, "Hakuna mtu. Kula."

Waziri alimwita tena. Safari hii alitakiwa akaseme kwamba rada ni ya kupima mvua.

"Siwezi," Balozi alisema.

"Huwezi au hutaki?"

"Mheshimiwa, jina langu kule ulilitumia lote mara ya kwanza. Hakuna lililobaki la kutumia."

Wakamhamishia kwenye chumba cha mwisho wa korido, jirani na stoo ya viti vibovu. Hakulalamika, alisema angalau pale hakuna wa kumlazimisha kukaa. Lakini alichukua likizo, akapanda ndege kwenda nchi ya tatu, na kutoka huko akaingia ng'ambo kwa basi, yeye na begi lake dogo, mpaka nyumbani kwa Taratibu. Alimkuta bustanini anapalilia vitunguu. Taratibu akamtazama, akainama, akaendelea kupalilia. Balozi alisimama getini mpaka jua lilipogeuka, kisha akarudi alikotoka. Likizo iliyofuata akaenda tena, ikawa vilevile. Mara ya tatu Taratibu alikuja getini na jembe mkononi.

"Ulinidanganya, dada."

"Nilidanganywa, nikakudanganya. Sikuja kupunguza kosa."

"Umekuja kufanya nini, basi?"

"Kusimama hapa mpaka uniambie la moyoni mwako."

Akamwambia. Majirani walisikia. Alipomaliza alikuwa anahema, na Balozi machozi yanamtoka, na hakuna aliyemgusa mwenzake bega. Kisha Taratibu akasema, "Ingia. Mke wangu ameshakuona mara tatu. Anasema mimi ndiye mwenye aibu sasa." Tangu siku hiyo walipigiana simu kila Jumapili. Walizungumza habari za vitunguu, za wajukuu, na za yale ambayo wizara zao hazikuthubutu kuulizana.

Oktoba 2005 doria yetu ilipotea kwenye ukungu, ikavuka mto mahali penye maji haba, na kukamatwa ng'ambo pamoja na mkufunzi wa Shemeji wa Pili. Kila Shemeji akamhimiza wake asilegee. Redio za pande zote mbili zikaanza kupiga nyimbo za vita. Mawaziri hawakuwa wakizungumza. Ndipo Waziri aliposhuka mwenyewe hadi mwisho wa korido, akapita kwenye viti vibovu, akabisha hodi.

"Dada, nasikia una namba ya yule bwana."

"Ninayo. Lakini safari hii nitasema ninalolijua tu. Nipelekeni kilimani kwanza, niione hiyo rada."

Wakampeleka, kwa shingo upande. Aliporudi alimpigia Taratibu mbele ya Waziri na majenerali wawili. "Kaka, nimeiona," akasema. "Inaona hadi viunga vya mji wenu mkuu. Haipimi mvua." Jenerali mmoja akataka kumpokonya simu, mwingine akamshika mkono. Kisha Taratibu akasema, "Hilo nalijua tangu zamani. Nilikuwa nataka kusikia kama na wewe utalisema." Akavaa koti, mtu asiye na cheo, akaenda kugonga mlango wa Rais wao kuwaombea askari.

Askari wetu walirudishwa darajani siku ya Ijumaa, wote wazima, mmoja wao akiwa na mguu uliofungwa bandeji safi. Mwaka 2006 nchi hizi mbili zilitia saini mapatano mafupi: yeyote atakayemwalika mgeni mwenye silaha karibu na mto amwambie jirani kwanza, hata shemeji awe nani. Balozi ndiye aliyesisitiza neno "kwanza" na kulipigania kwa wiki nzima. Daraja likafunguliwa, na mjukuu akaletwa mikononi mwa bibi akiwa tayari anajua kukimbia. Taratibu hakurudishwa kazini. Balozi alipandishwa cheo. Kila alipopishana na yule Waziri aliyemtuma uongo alimsalimia kwa adabu zote, ila neno "mheshimiwa" halikutoka tena kinywani mwake.

Alistaafu mwaka 2012 na hakustaafu. Shemeji wa Pili aliondoka, akaja mwingine, na kila kukicha alipiga simu kuuliza nani amewaambia nini ng'ambo. Mwaka 2021 moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba. Daktari akaamuru alale. Wauguzi walimkuta akitembea wodini, anakokota stendi ya dripu. "Mama, dripu haina miguu!" "Ina magurudumu," akajibu, akapita.

Tarehe 16 Mei mwaka huu, 2024, serikali ilitangaza ubia mpya wa ulinzi na taifa jingine kubwa, na daraja likafungwa tena siku hiyohiyo. Balozi, akiwa kitandani nyumbani, aliomba simu akaipiga wizarani.

"Mliwaambia ng'ambo kwanza?"

"Mama, mambo yanashughulikiwa. Wewe pumzika."

"Sikuuliza yanafanywaje. Nimeuliza, mliwaambia?"

Kijana wa upande ule akamwomba tena apumzike. Balozi akaweka simu kifuani, akamgeukia mumewe. "Hawakuwaambia," akasema. Alijaribu kukaa, akataka viatu. Fundi Saa akamvisha, kwa sababu kubishana naye kulikuwa kazi zaidi. Alifariki asubuhi ya tarehe 21 Mei, akiwa amevaa viatu.

Ameacha mume, Fundi Saa; watoto watatu; wajukuu watano; wadogo zake wawili; na wengi aliowasumbua kwa simu. Mwanawe wa kiume na binti wa mwisho wako hapa. Binti wa kwanza yuko darajani tangu jana, upande wa pili, pamoja na mwanawe aliyezaliwa mwaka ule wa rada, na Mzee Taratibu, ambaye amekataa kuletewa kiti. Mkuu wa zamu amewaambia wasubiri amri kutoka juu. Fundi Saa ameomba kaburi lisifukiwe kabla ya saa kumi, na familia imekubali.

Mungu ampokee mama huyu, na amjalie amani aliyowahangaikia wengine.