Simeon Gatimu, Mshona Mipira wa Nyeri (1930–1979)

Ndugu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 8 Mei 1930 huko Tetu, kifungua mimba wa mzee Ngatia na mama Murugi. Shule aliionja tu. Mwaka 1944, akiwa darasa la nne, aliacha ili mdogo wake Wamae aendelee, maana karo ilitosha mtoto mmoja. Hakuwahi kumsimanga kwa hilo, hata walipokosana.

Mwaka 1949 aliingia mjini, akafundishwa kazi ya ngozi na mzee Abdulatif, fundi wa viatu wa Majengo. Siku moja mzee alimtupia mpira wa shule uliopasuka, akamwambia, "Ukiweza hii, kijana, viatu ni mchezo." Aliuweza. Uhuru ulipokuja, kila shule ilitaka timu, na kila timu ikataka mpira. Kufikia 1966 Gatimu alikuwa na kibanda katika mtaa wa Skuta na wanawake sita wa kushona, na mipira yao ilichezewa kutoka Murang'a hadi Wang'uru. Mmoja wao, Wakonyo, mjane, alisomesha watoto wanne kwa sindano hiyo. Yuko nasi hapa leo.

Alifunga ndoa na Ngendo tarehe 13 Desemba 1958, wakajaliwa Murugi na Ngatia, waliopewa majina ya nyanya na babu. Ngendo hucheka akikumbuka mumewe alivyokuwa akirudi kutoka mechini. "Nani ameshinda?" "Hiyo sijui. Lakini mpira haikupasuka hata kidogo." Kisha anaomba chai.

Julai 1971 timu kutoka Nairobi ilikuja kucheza katika uwanja wa mji. Wamae, wakati huo mwalimu na katibu wa kamati ya michezo, aliona haya kuwawekea wageni mpira wa Skuta, akanunua wa ng'ambo. Gatimu alikuwa amefika na mpira mpya kwapani, ameupaka mafuta ukang'aa.

"Yangu iko na makosa gani?" aliuliza.

"Haina. Lakini hao ni wageni, Baba Murugi. Watatuonaje?"

Gatimu aliupakata mpira wake hadi kipenga cha mwisho. Walimu wakuu waliokuwa jukwaani waliona, nao wakaanza kuuonea haya mpira wa Skuta. Muhula uliofuata oda zilipungua. Mwaka 1974 kibanda kilifungwa, na wale wanawake wakarudi kuchuma kahawa ya watu. Vijana wetu waliendelea kucheza, ila riziki ya mchezo wao ilikwenda kwa watu wa mbali. Inauma kulisema hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kifua kilianza kumsumbua Januari mwaka huu wa 1979, akalazwa hapa mjini. Mara tatu Wamae alikwenda kumwomba msamaha, na mara zote akaishia kuzungumzia mvua na mahindi. Mara ya mwisho mgonjwa alimwambia, "Mwalimu, sema ile kitu imekuleta." Wamae akasema ameleta machungwa. Asubuhi iliyofuata, tarehe 2 Oktoba, ndugu yetu aliaga dunia.

Ameacha mjane wake Ngendo, watoto wake Murugi na Ngatia, wajukuu wawili, wanawake wa Skuta waliomwita fundi, na mdogo wake Wamae, ambaye ndiye anayewasomea karatasi hii, na ambaye neno alilolimeza kando ya kitanda analitoa sasa mbele ya jeneza: Nilikuonea haya mbele ya wageni, Baba Murugi. Nisamehe, upumzike.